Mwalimu Matone, Aliyelisahihisha Jibu Lake

Marehemu, ambaye wengi mliopo hapa mnamjua kwa jina la Mwalimu Matone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari, ambako kemia ilimkolea. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973, na Januari iliyofuata akakabidhiwa maabara yenye meza nne na bomba moja linalovuja.

Humo alifundisha miaka thelathini na saba. Karatasi za litmasi za kupimia asidi na besi zilipokwisha, alichemsha maua mekundu ya uani kwa mkuu wa shule. Maji yake yakitiwa ndimu, ambayo ni asidi, yalizidi wekundu. Yakitiwa maji ya majivu, ambayo ni besi, yaligeuka kijani. Mkuu akaja juu.

"Mwalimu, maua yangu yako wapi?"

"Yapo darasani, mkuu. Leo yanafundisha."

Jina la Matone alibandikwa na wanafunzi. Walipodondosha asidi kwenye besi alisimama nyuma yao akisema, "Taratibu, tone kwa tone. Zikitoshana, kinachobaki ni chumvi na maji. Ukizidisha, umeharibu."

Tarehe 2 Desemba 1978 alifunga ndoa na mkutubi wa shule, aliyekubali, kwa maneno yake mwenyewe, kuolewa na mashati yenye vitundu vya asidi. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1989 alikosea. Aliandaa besi ya mtihani wa vitendo kwa kostiki soda iliyokaa kwenye kopo lisilofungwa vizuri, ikanyonya unyevu wa hewani na kupungua nguvu. Hakuijaribu. Kwenye fomu ya mwalimu, ambayo wasahihishaji hulinganishia majibu, alijaza kwamba itahitaji asidi mililita 25, kama hesabu ilivyosema. Watahiniwa arobaini na mmoja walipata 22, hesabu zao zikakataa, wakatoka wakilia. Jioni alirudia jaribio mwenyewe, akapata 22. Kwa fomu ile, wote wangeanguka.

Mkuu alimsihi, "Usijichongee, mwenzangu. Nyamaza, yatapita."

"Watoto wameandika walichokiona," alijibu. "Mimi niliandika nilichotarajia."

Aliwaandikia wasahihishaji bila kumung'unya maneno. Watahiniwa walisahihishwa kwa 22. Yeye alivuliwa ukuu wa idara kwa miaka mitatu, akaendelea kufundisha kwenye meza zilezile.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Hakuficha hofu yake, lakini utani haukumwisha. Alimweleza muuguzi kwamba figo ndizo zinazotoa asidi iliyozidi mwilini, na zake zimegoma. "Nachacha polepole, mwanangu," alisema, "kama maziwa."

Mwezi Mei mwaka 2023 aliomba asomewe wasifu huu, ambao watoto wake walikuwa wameanza kuuandika. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mmeruka mwaka 1989."

"Baba, watu watakuja kukuaga, hawaji kukuhukumu," binti yake mkubwa alisema.

"Waliokuwa kwenye chumba kile cha mtihani watakuja pia. Walidhani wao ndio waliokosea. Nataka wasikie mbele za watu kwamba nilikosea mimi."

Alifariki dunia hospitalini tarehe 9 Julai 2023, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Familia inawaomba watahiniwa wa mwaka 1989 waliopo hapa wasimame. Mlipima sawasawa. Mwalimu wenu ndiye aliyekosea, na alitaka mlisikie hilo kabla hajazikwa.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake, ampe pumziko la amani.