Fundi Aliyeitafuta Pikapu ya Bluu

Wasikilizaji wapendwa, huu ndio wakati wetu wa kumkumbuka mtu. Sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kwanza, maana leo nina maneno, na sitaki kuunguza chakula cha mtu.

Leo tunamkumbuka fundi. Fundi wa magari. Si fundi wa kila kitu, hapana. Huyu kazi yake ilikuwa moja: kuinua pikapu. Unampelekea pikapu imelala chini, anabadilisha springi, anaweka shokapu ndefu, anafunga matairi makubwa yenye meno, na gari linatoka pale limesimama kama jogoo. Jina lake la mtaani lilikuwa Inchi Mbili. Nitalitumia hilo hilo, maana hata mkewe alimwita hivyo akikasirika.

Inchi Mbili alitutoka Jumanne iliyopita, saa sita mchana, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ameacha mjane, mabinti wawili, na shemeji mmoja ambaye mtamsikia sana leo.

Gereji yake ilikuwa nyuma ya duka la matairi. Sakafu ya saruji, shimo moja la kuingia chini ya gari, na redio juu ya rafu ya spana. Akimaliza kufunga matairi makubwa, hakukupa ufunguo hata ungelia. Kwanza anapakia magunia ya mchanga nyuma, mzigo uleule unaobeba kila siku. Halafu anakuweka kwenye usukani. "Kata kushoto mpaka mwisho. Sasa kulia mpaka mwisho." Yeye amelala ubavu sakafuni, sikio karibu na gurudumu. Tairi likikwaruza madigadi, analisikia kabla yako. Hapo anafungua nati zote upya. Wewe unatazama saa, yeye hana habari.

Sasa tufike kwenye kosa. Ndiyo, wapendwa, tunamkumbuka mtu kwa kosa lake. Familia imeniruhusu. Mjane wake aliniambia, "Usipolisema hilo, utakuwa unamzungumzia mtu mwingine."

Kwenye gurudumu la mbele kuna mpira mwembamba unaopeleka mafuta ya breki. Ukiinua gari sana, mpira ule unakuwa mfupi. Inabidi uweke mrefu zaidi. Miaka saba iliyopita, Inchi Mbili aliinua magari kwa inchi sita, na mipira aliipima magari yakiwa yamesimama chini. Gari likisimama, mpira unatosha. Lakini gurudumu likitumbukia shimoni linaning'inia, na mpira unavutika. Unavutika leo, unavutika kesho. Siku moja unapasuka. Unakanyaga breki, mguu unakwenda mpaka chini, na gari halina habari nawe.

Pikapu alizoziinua hivyo zilikuwa tisa. Shikeni hesabu hiyo. Tisa.

Ya kwanza kupasuka mpira ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wake mkewe. Alikuwa anateremka mlima na matangi mawili ya maji. Mwenyewe anasimulia huku anacheka, na bega lake mpaka leo limepinda kidogo. "Nilikanyaga breki, nikakanyaga hewa. Mbele naona watu, kulia naona lundo la mchanga wa watu wanaojenga. Nikasema basi, leo na mimi ni mjenzi." Akaingia mchangani. Akavunjika mfupa wa bega. Hakufa mtu.

Inchi Mbili alikwenda hospitali kwanza, akamwona shemeji. Kisha akaenda kulala chini ya ile pikapu. Mjane anakumbuka aliporudi. "Alitoa kipande cha mpira mfukoni, akakiweka mezani, juu ya kitambaa changu cheupe. Sikumgombeza. Nilimwona uso. Akaniambia, 'Mama, ziko nyingine nane.'"

Ziko nyingine nane. Mtu mwingine angesema bahati mbaya. Mtu mwingine angesema shemeji anaendesha vibaya, na kwa kweli, shemeji, samahani, watu wangeamini.

Mkewe alimsihi anyamaze. Nanukuu alivyoniambia, na aliniambia bila kujificha: "Nilimwambia, baba, wabadilishie kimya kimya. Ukisema hadharani umejimaliza. Akanijibu, 'Kimya kimya nitawapata wapi? Watatu tu ndio ninaojua wanakokaa.'"

Ndipo alipokuja hapa redioni. Mimi ndiye niliyempokea. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kucha zake bado zina grisi. Alikuwa na karatasi. Imeandikwa: mimi fundi fulani wa gereji fulani nilikosea, mwenye pikapu niliyoiinua asiendeshe, anipigie, nitamfuata alipo, bure. Nikamshauri kama mtu wa mji. Nikamwambia, mzee wangu, kwa nini tusiseme kumetokea hitilafu? Akanitazama. "Hitilafu haina mikono, kijana. Aliyeshika spana ni mimi."

Basi akasoma mwenyewe. Nilikosea. Mimi nimekaa mbele ya kipaza sauti hiki miaka kumi na tisa, na neno hilo nimelisikia mara chache sana.

Mafundi wenzake walimjia juu. Walimfuata gereji wakiwa wanne. "Unatuharibia kazi. Kila mteja sasa anatuuliza tumepima mipira." Yeye akawauliza, "Na mmepima?" Wakanuna. Wateja nao walipungua. Waliobaki walipotaka inchi sita, aliwatazama kuanzia kichwani mpaka miguuni na kuwaambia, "Mbili zinakutosha. Unataka kuchungulia ghorofani kwa watu?" Jina likaanzia hapo.

Akaanza kuzitafuta zile nane. Mwalimu mkuu mmoja alikuja mwenyewe. Muuza magodoro akakataa. Alisema hana nafasi ya kulaza gari, na pengine fundi ametumwa na maadui wa biashara. Inchi Mbili hakubishana. Alimfuata kwa pikipiki nyumba hadi nyumba. Magodoro yakishushwa, yeye yuko chini ya gari. Nyumba ya tatu mlinzi akaona miguu ya mtu imetokeza, akapiga kelele za mwizi. Walipomvuta kwa viatu, alikuwa anakaza nati ya mwisho. "Subirini kidogo, halafu mnipige," akawaambia. Muuza magodoro alicheka mpaka akakaa chini. Yuko hapa mjini, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Katika mwaka mmoja na nusu alizipata saba. Saba kati ya nane. Na sikilizeni hili: mipira ya magari matatu ilikuwa imeshaanza kupasuka. Moja ya pikapu hizo tatu ilikuwa inapeleka watoto shule kila asubuhi.

Ikabaki moja. Pikapu ya bluu.

Mwenyewe alikuwa seremala, mtu mrefu, mcheshi, aliyetoka upande wa pili wa mji. Alikuja mara moja tu. Hakuacha namba ya simu, na anakokaa hakusema. Inchi Mbili aliuliza kwenye mabohari ya mbao. Aliuliza vituo vya mafuta. Kila mwaka alirudi hapa studio na shati lake jeupe, akasoma tangazo lake upya. Miaka sita. Mara sita. Akiwa njiani na mkewe, pikapu yoyote ya bluu ikipita, alikatisha maneno. Mkewe anasema, "Nilizoea. Nilijua nikiona bluu ninyamaze kwanza."

Kila aliposikia mtu amekufa kwa ajali, alitaka kujua gari lilikuwa la rangi gani. Hilo mimi sikulijua mpaka juzi, na liliniuma.

Mwaka huu moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba. Hakuweza tena kuingia shimoni. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, akawekewa kitanda sebuleni ili aone mlango. Kila aliyeingia kumjulia hali aliulizwa swali moja: "Ile ya bluu?"

Shemeji akashindwa kuvumilia. Akamvuta dada yake jikoni. "Dada, mwambie imepatikana. Ni uongo mdogo, Mungu atasamehe. Mimi ndiye niliyevunjika bega, na nimemsamehe tangu nikiwa na plasta. Mwache mume wako apumzike."

Mjane akakubali. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. "Baba, pikapu ya bluu imepatikana."

Fundi akafumbua macho. Akauliza, "Mpira ulikuwa umepasukia upande gani?"

Mjane ameishi na fundi miaka thelathini na nne, na hakujua aseme kushoto au kulia. Inchi Mbili akatabasamu, akampigapiga mkono. "Ahsante, mama," akamwambia. Basi. Hakuuliza tena, labda kwa kumhurumia. Siku ya nne yake, Jumanne, saa sita mchana, akakata roho.

Tulitangaza msiba jioni ile ile. Siku ya tatu, watu wakiwa uani kwenye viti vya plastiki, pikapu ya bluu ikaingia mtaani.

Shemeji ndiye aliyeiona kwanza. Ilikuwa bluu, lakini ilikuwa imeshuka. Matairi madogo ya kawaida. Imelala chini kama ilivyotoka kiwandani. Akashuka seremala mrefu, nywele sasa zina mvi. Kiti cha mbele amekaa mama yake, bibi mzee, mkoba mapajani.

Seremala alimpa mjane pole. Halafu akaeleza, macho yakiwa chini. Siku ile miaka saba iliyopita, fundi alikuwa amemuuliza, "Gari hili anapanda nani mwingine?" Naye kwa kujitapa akajibu, "Mimi peke yangu." Alimsahau mama yake, anayempeleka kliniki kila wiki kwa ajili ya magoti. Gari lilipoinuka, mama hakuweza kupanda. Akambeba mgongoni. Akamletea stuli. Akamletea ngazi fupi, akaitengeneza mwenyewe. Mama akagoma. "Mimi naumwa magoti," alimwambia, "siendi kuezeka paa." Wiki mbili tu, seremala akalipeleka gari kwa fundi mwingine, likashushwa. Springi za zamani, matairi ya zamani. Mpira wa breki ukatosha.

Wiki mbili tu. Gari lililomnyima Inchi Mbili usingizi miaka yote ile lilikuwa salama tangu wiki ya pili.

Mjane akamuuliza kama hakuwahi kusikia tangazo redioni. Akasema alisikia. Alisikia mara ya kwanza akiwa anapiga randa, na mara nyingine tena na tena. "Nikasema halinihusu, langu nimeshalishusha. Na niliona haya. Nitamwambia nini fundi, kwamba kazi yake nzuri niliivunja kwa sababu nilimsahau mama yangu? Nikawa nazunguka barabara ya nyuma ili asinione na matairi madogo. Kila mwaka nilisema nitapita nimwambie. Nitapita wiki ijayo."

Wapendwa, mimi nilikuwepo pale uani. Nilimkasirikia seremala yule. Nilimkasirikia kweli, nikainuka kwenye kiti. Kisha nikamwona bibi yule garini anafuta macho kwa ncha ya kitambaa, anasema, "Ni magoti yangu, mwanangu. Lawama nipeni mimi." Nikakaa.

Mjane alikwenda kwenye gari. Akapiga magoti kwenye vumbi, na nguo zake za msiba, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu la kushoto. Akapapasa mpira wote, mwanzo hadi mwisho. Akazunguka, akafanya vivyo hivyo upande wa kulia. Akainuka, mkono mweusi kwa uchafu wa breki, akamwambia seremala maneno mawili tu.

"Ungesema, kaka."

Hakumfukuza. Alimpa kiti, na mama yake akaletewa chai mle mle garini.

Kwa mjane wa Inchi Mbili, pokea pole zetu sote hapa studio. Kwa mabinti zake wawili, poleni sana. Baba yenu alikuwa mtu mzima kwa maana kamili ya neno hilo. Shemeji, pole, na bega lipone. Seremala, najua unasikiliza. Pole nawe pia, maana mzigo huo sasa umehamia kwako, na mama yako ameniomba nisikuongezee. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza. Yupo mtu anayehangaika juu yako, na wewe uko mzima. Pengine ni mama. Pengine ni mtu aliyekukosea zamani, wewe umeshasahau, yeye bado anageuka kila akiona anayefanana nawe. Unaona haya, au unasema halinihusu, au utapita wiki ijayo.

Kwa kawaida hapa naweka wimbo. Leo siweki. Nawapa dakika tatu, redio itakuwa kimya, na fundi mitambo wangu ananikodolea macho, lakini potelea mbali. Simu iko karibu na mkono wako. Mpigie. Mwambie uko salama.