Mfulani wa Mzee Siaka

Benchi la Aisata, muuza kahawa, limeegemea ukuta pale ambapo njia ya mtaa mkongwe wa Bobo-Dioulasso inaingia kwenye nyumba za wahunzi, na ukikaa hapo, kahawa yako ya maziwa haijapoa umeshajua nani kaoa, nani kafiwa na nani kadanganya kwamba kafiwa. Wenyeji wa benchi ni watatu: Mzee Siaka Sanou, mhunzi wa Kibobo aliyeacha nyundo baada ya bega kumgomea, Waziri, ambaye hajawahi kushika hata ujumbe wa mtaa, na Redio, ambaye habari zake huishiwa betri kabla ya kufika mwisho. Asubuhi hiyo walikuwa wanne. Bokari Sidibé, kijana wa Kifulani anayetembeza wageni, alikuwa kaketi nao saa ya kazi, na shida ilikuwa hapo.

Juzi yake alipita na wageni sita. Wabobo na Wafulani ni watani, na kumpita mtani wako kimya ni sawa na kumtukana. Basi Mzee Siaka akamsimamisha, akawaambia wageni kwamba kijana huyu ni mtumwa wake, kamrithi kwa baba yake, na anayetaka kuendelea naye aombe ruhusa. Bokari akapiga magoti, akalalamika kwamba bwana wake hamlishi. Mtaa mzima ukacheka. Mgeni mmoja, mwanamke mweusi wa kutoka kisiwa cha Guadeloupe, hakucheka. Aliacha matembezi katikati, akarudi hotelini, akaiandikia ofisi iliyomleta. Ofisi ikamwambia Bokari akae nyumbani mpaka jambo lieleweke. Nyumbani ana mke na pacha wa miezi minne.

— Sema ulikuwa na homa, mzee, Waziri alishauri. Mwenye homa husema chochote.

— Homa gani ya kurithi watu? akauliza Redio.

Redio alikuwa na lake. Alisikia kwamba huko visiwani kuna mahakama ya maneno matupu, na jaji wake hajacheka tangu azaliwe. Waziri naye akapanda juu zaidi: Bokari afungwe kamba, aongozwe hadi hotelini, Mzee Siaka aikate mbele ya watu na karatasi isainiwe.

— Mkinifunga kamba ndiyo mtanimaliza kabisa, alisema Bokari.

Neno lile la mtumwa Mzee Siaka alikuwa akilitumia kama salamu, mwaka hata mwaka, na kamwe hakuwahi kulipima uzito. Sasa lilikuwa limemkalia kifuani, na kila alipowafikiria wale pacha, lilizidi.

Kahawa ya pili haijamiminwa, yule mgeni akatokea mwenyewe. Jina lake Marlene. Alisema hakulala vizuri, na anataka kumsikia mzee kwa masikio yake. Aisata akampangusia nafasi na kummiminia kahawa, Waziri akasogea.

Mzee Siaka alimweleza polepole. Kwamba Bokari naye humwita mtumwa vilevile, na humnyang'anya kofia sokoni. Kwamba watani hawaruhusiwi kununiana.

— Mwanangu alipofariki, binti yangu, baba yake huyu alikuja akalala kwenye machela ya maiti. Akakataa kuondoka mpaka nimpe jogoo. Nilicheka. Siku ile ya kumzika mwanangu, nilicheka. Bila Mfulani huyo sijui ningeinukaje.

Mgeni alizungumza kwa sauti ya chini.

— Nimeelewa, baba. Ofisi nitaiambia leo hii. Sikuandika afukuzwe, niliandika aachwe huru.

Waziri alikohoa kuficha kicheko. Bokari alishusha pumzi aliyoibana tangu jana.

— Kwetu neno hilo lilikuwa kazi ya bibi wa bibi yangu, akaendelea Marlene. Kwa hiyo nina swali moja tu. Yule wa kwanza kabisa, aliyeambiwa hivyo kabla halijawa utani. Naye alicheka?

Bokari alimtazama Mzee Siaka, na Mzee Siaka akagundua kwamba hajui hata kama huyo wa kwanza alikuwa wa kwao au wa kina Bokari. Mgeni alisubiri kwa adabu, akamaliza kahawa yake, akawaaga mmoja mmoja.

Alitimiza ahadi. Kesho yake Bokari alishuka na wageni wanane, shati limepigwa pasi, akasimama mbele ya benchi uso ukiwa tayari kucheka.

— Habari za asubuhi, Bokari, alisema Mzee Siaka.

Kicheko kikamwishia kijana midomoni. Akamtazama mzee kama anayemtafuta ugonjwa.

— Mzee, nimekukosea nini?

— Hujanikosea, mwanangu. Pita tu.

Bokari hakupita. Alibaki amesimama palepale na wageni wake wanane, akisubiri kutaniwa.