Zinduka, Aliyefunga Shati Mbele ya Kamera

Ndugu, jamaa na majirani, kabla hatujamsindikiza mzee wetu tunaomba mtusikilize, kwa kuwa mwenyewe aliagiza historia hii isomwe kwa sauti ya kufika nyuma, na kwamba atakayelia kabla ya kucheka atakuwa amemkosea adabu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Zinduka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake, akaanza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969, ambako aliwahi kujifanya amezimia katikati ya mtihani wa hesabu, akabebwa na mwalimu mkuu mwenyewe.

Mwaka 1974 alijiunga na kikundi cha maigizo, na tarehe 6 Desemba 1978 akafunga ndoa na mshonaji wa mavazi ya kikundi hicho, mama yetu, wakajaliwa watoto watatu. Kwenye televisheni, kuanzia mwaka 1983, alipigwa rungu la kichwa akamsahau mkewe, akapigwa la pili akazinduka na kukumbuka hadi namba ya nyumba, akaanguka kifafa kwa povu la sabuni huku wenzake wakimtia kijiko mdomoni, jambo ambalo daktari yeyote atakuambia huvunja meno bure, na katika tamthilia moja alipooza upande wa kushoto wiki hii na wa kulia wiki iliyofuata, na hakuna aliyegundua ila mama.

Mwaka 2015 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na nyumba nzima tukadhani ni mazoezi, mama akamwambia apeleke maigizo yake uani maana chai inamwagika, hadi daktari alipotuambia ni ugonjwa wa Pakinsoni, tukaona haya sana, yeye akacheka hadi akakohoa.

Mwaka 2018 alipewa nafasi ya kuigiza mzee mgonjwa katika tamthilia, na mwongozaji akasimamisha kamera akilalamika kwamba kutetemeka kule hakuaminiki, atikise na kichwa, alie kidogo. Mzee alikataa, kwa sababu alitaka watu wauone ugonjwa ulivyo angali anaweza kuuonyesha, akaomba afunge shati lake tu, bila muziki. Mwongozaji alisema watazamaji watahama, lakini mzee alikwisha kuanza, akakosea tundu, akafungua, akaanza upya, akamlaumu fundi aliyetoboa matundu ya sisimizi, na mpiga picha hakuzima.

Sehemu hiyo ilionyeshwa tarehe 2 Juni 2019. Kesho yake fundi viatu wa mtaani kwetu, ambaye kwa miaka tulidhani ana maringo kwa kutembea mkono mfukoni, alibisha hodi, akautoa mkono wake unaotetemeka, na wazee hao wawili wakapeana mikono kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani anayemtikisa mwenzake.

Mzee alidhoofika taratibu, akafariki nyumbani tarehe 9 Agosti 2024, mama akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, waigizaji wenzake, na mwongozaji, ambaye yupo hapa na ameomba tusimtaje sana. Jana wanawe tulimvalisha shati, tukafunga vifungo polepole mno, maana hakuna aliyetaka kufika cha mwisho.

Pumzika kwa amani, baba, kazi yako tumeiona.