Tepu na Mizani ya Jumatatu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1989, mtoto wa pili na kitinda mimba wa mama mshonaji na baba mwashi, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2014. Katika chumba walichoishi, cherehani ilikaa pazuri kuliko kitanda. Jina la Tepu alipewa akiwa na miaka sita, kwa kuwa tepu ya kupimia ya mama haikutoka shingoni mwake hata akienda kuoga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1996 hadi 2002, akahitimu ushonaji chuo cha ufundi mwaka 2008. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa kazi za mikono aliagiza kila mtoto ashone leso. Tepu akapeleka leso yenye mfuko. Alipoulizwa mfuko ni wa nini, alijibu, "Wa kuwekea leso nyingine, mwalimu."

Mwaka 2011 alifungua duka la magauni ya harusi. Kipimo cha kiuno cha mteja hakukitamka kamwe. Alikiandika kwenye karatasi, akaikunja. "Namba hii ni yangu, yako na ya Mungu," alisema, "na Mungu hajauliza." Tarehe 20 Agosti 2016 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya duka mara tatu, ingawa ilishapona mara ya kwanza.

Mwaka 2022 alianza kuogopa chakula. Alipopungua ndugu walimsifu, na dada yake alimsifu kuliko wote. Alipozidi kukonda wakasema anaringa. Kumbe ulikuwa ugonjwa wenye jina na tiba, ila wataalamu wake walikuwa mbali. Machi 2024 kliniki yao ilikubali kumtibu kwa simu. Kila mchana muuguzi alimpigia kwa video wakala pamoja, kila mmoja na sahani yake.

"Nani anaanza leo, mimi au wewe?" muuguzi aliuliza.

"Anza wewe, mgeni."

Jioni aliandika kwenye simu alivyojisikia, na kliniki ikasoma. Siku moja aliandika, "Nimekula nusu, nimelia nusu." Kufikia Agosti alikuwa anamaliza sahani na kuimba dukani.

Kila Jumatatu saa moja asubuhi alipanda mizani iliyotuma uzito wake kliniki papo hapo. Dada yake aliteuliwa kuwa shahidi wa upimaji huo. Sharti lilikuwa moja: akishuka uzito wiki mbili mfululizo, analazwa. Ilipofika tarehe 18 Novemba, alikuwa ameshashuka wiki moja.

"Dada, nikanyagie kidogo tu."

"Tepu, acha utani."

"Nikilazwa, gauni la bi harusi atamalizia nani? Leo tu, dada yangu."

Dada alimpenda, na hakuwahi kujua kumnyima kitu. Akaweka ncha ya mguu juu ya mizani, nyuma ya kisigino cha Tepu, akakandamiza. Jumatatu moja ikawa nne. Muuguzi aliona namba zinapanda, akampigia makofi kwenye skrini, akapunguza simu za mchana kutoka kila siku hadi mara mbili kwa wiki. Siku ambazo simu haikuita, Tepu hakula.

Alhamisi tarehe 12 Desemba 2024, saa kumi alasiri, alianguka kwenye cherehani, gauni lile likiwa limebaki pindo tu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki hospitalini kabla jua halijazama, akiwa na miaka 35.

Kesho yake dada alisema yote mbele ya mama na shemeji yake.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mama. "Hawakusema mfichaji ni mmoja. Kaandike hivyo hivyo kwenye wasifu, wenye wagonjwa wasikie."

Tepu ameacha mume, mama, na dada yake huyu anayesoma wasifu wake. Amemwacha pia muuguzi wake, aliyefika leo kwa basi, ambaye familia ilimjua kwa uso wa kwenye simu tu. Asubuhi hii alimshika dada mkono, akasema, "Ungeniambia. Ningempigia hata mara kumi kwa siku."

Lala salama, Tepu. Mguu wa dada yako haujui pa kukanyaga.