Neno la Gati

Ulimwona mwanafunzi Gati akipikishwa chai kwenye kiwanda cha nguo Musoma, mwaka mzima wa fildi, yaani mafunzo ya kazini, ukageuza uso. Sikiliza alivyomwambia mzee Hamduni, fundi cherehani wa Bunda, ndani ya basi, mwaka tisini na mbili.

“Bosi aliandika kwenye cheti, ‘Amehudhuria.’ Nikamuuliza, mashine ya kufuma ilipokufa, nani aliifufua? Kwani nilihudhuria msiba?”

“Ugombane na mkubwa kwa neno moja, mwanangu?”

“Huwaga wanatuzika kwa neno moja, mzee! Nimekaa mlangoni kwake siku tatu. Leo ameandika, ‘Amefanya kazi.’”

“Lakini chai si ulipika?” Hamduni akacheka.

Basi likasimama. Gati akashuka na cheti chake wazi. Hakukikunja, asije akalivunja lile neno. Nawe kasome cheti cha mwanao leo. Kikisema amehudhuria, kirudishe.