Ndoo Arobaini na Tano

Aliyemwambia Åsne kwanza habari za pampu alikuwa Gunnvor, mwuguzi anayepima watoto pale zahanati. Alimlaza mtoto, Ingeleiv, kwenye mizani, akaandika kilo na gramu, kisha akamgeukia mama mtu na kumkumbusha kwamba kidonda cha upasuaji kina wiki sita tu, kwa hiyo asinyanyue kitu kizito kumshinda mtoto. Åsne akauliza kwa sauti ndogo: na ndoo ya lita kumi je? Gunnvor akajua mara moja ndoo hiyo ni ya kazi gani. Akachana ukurasa wa kijarida cha matangazo wenye picha ya pampu ya wapika bia wa nyumbani, akamtia mkononi.

— Kawaulize wale wazee wa benchi, alisema. Hakuna wasilolijua.

Benchi lenyewe lipo mbele ya duka la kijiji, kando ya magunia ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Kila asubuhi saa tatu duka hutoa birika moja la kahawa ya bure, na likiisha limeisha. Wenye benchi ni watatu. Sjur Bomba, fundi wa mabomba mstaafu, amefunga nusu ya vyoo vya bonde lile na anaijua siri ya kila nyumba. Oddleiv Maziwa ana ng'ombe sitini na tatu, na kwake kila tatizo duniani lina tiba katika zizi. Brynjulv King'ora alikuwa zimamoto wa kujitolea. Yeye amestaafu, sauti yake bado.

Åsne hakuwahi kusimama mbele ya benchi lile muda mrefu kuliko wa kusalimia. Siku hiyo alisimama, mkono kwenye gari la mtoto, akaeleza habari za kidonda, kisha shida yenyewe. Ingeleiv atabatizwa baada ya wiki mbili. Bia ya ubatizo lazima ipikwe kwa chachu ya nyumbani, na chachu ya marehemu babu yake Åsne, mzee Gjert, imehifadhiwa ikiwa kavu juu ya pete ya mti iliyotundikwa darini, mwaka wa pili sasa. Ikipita hapo itakufa. Mumewe, Håvard, yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, atarudi siku moja kabla ya ubatizo. Basi kupika ni Jumamosi hii, na yuko peke yake.

Wazee wakatikisa vichwa. Katika bonde lile, watu wanaweza kusahau jina la mtoto, lakini hawasahau kwamba ubatizo wake ulinywewa bia ya dukani.

Åsne akafungua daftari lake. Lita mia na hamsini zinahama mara tatu, alisema: maji ya moto yaliyochemshwa na matawi ya mreteni ya kutia harufu yanakwenda kwenye pipa la kimea, togwa inayotoka humo inarudi kwenye sufuria ichemke, kisha inakwenda kwenye pipa la kuchachushia. Ndoo kumi na tano, mara tatu.

— Arobaini na tano, akasema Oddleiv, ambaye huhesabu upesi. Mzee Gjert alikuwa akizibeba peke yake huku anapiga mluzi.

— Mzee Gjert hakupasuliwa tumbo, akasema Sjur. Lete hiyo picha.

Akaishika mbali na macho, akaigeuza, akaguna. Pampu si mbaya, alisema, kichwa chake ni cha chuma kisichoshika kutu na maji ya moto haiyaogopi. Ila pampu ya aina hii haina mapafu. Haivuti. Lazima ikae chini ya sufuria, maji yaingie yenyewe kwanza, ndipo isukume.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, akamaliza.

— Huyu ana kidonda cha tumbo, wewe unamletea methali ya kuinama, akasema Oddleiv.

— Nazungumzia pampu, Oddleiv.

Oddleiv akaona zamu yake imefika. Pampu isiyovuta ni ya nini, aliuliza, wakati yeye ana mashine inayovuta maziwa ya ng'ombe sitini na tatu kabla ya chai? Ataikokota mpaka kwa Åsne, atachomeka mipira minne ya kukamulia, na togwa itapanda yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Itavuta na hewa, akasema Sjur. Utapata mtindi wa shayiri. Na mipira yako inanuka ng'ombe.

— Ng'ombe wangu wananukia kuliko vyoo vyako.

Brynjulv alikuwa amevumilia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaweka kikombe chini. Kule kituoni, alisema, kuna gari lenye pampu inayotoa lita elfu mbili kwa dakika, na ufunguo wake unatundikwa mahali anapopajua.

— Haraka haraka haina baraka, alisema. Ndiyo maana nataka kifaa kinachomaliza upesi, tusiwe na haraka.

Oddleiv akapiga hesabu.

— Sekunde tano. Bia yote itakuwa imehama baada ya sekunde tano.

— Imehama kwenda wapi? akauliza Sjur. Kwenye ukuta wa jirani?

Kahawa ikamiminwa tena, na kwa kila kikombe nadharia zikapanda mlima. Oddleiv akakumbuka bomba la zamani lililokuwa likiteremsha maziwa kutoka malisho ya kiangazi. Bia ipikwe huko juu, akasema, iteremke kilomita mbili mpaka jikoni kwa Åsne, na ikifika itakuwa imepoa tayari. Sjur akauliza sufuria itapandaje mlimani. Brynjulv akasema jeshi lina helikopta, na yeye ana mpwa wake jeshini. Åsne aliandika mawazo mawili ya kwanza, kisha akaacha, akabaki kulisukuma gari la mtoto mbele na nyuma.

— Mzee Sjur, alisema mwishowe, na ilibidi arudie ndipo wakasikia. Nikinunua hii ya kwenye picha, naiunga wapi? Sufuria ya babu haina koki.

Sjur akajiweka sawa kwenye benchi. Lilikuwa swali la kifundi, nalo lilimpendeza.

— Haina, kweli. Basi ni kutoboa. Naja na keekee yangu, natoboa tundu hapa chini, nafunga koki. Nusu saa.

Sufuria ile ilikuwa ya shaba. Mama yake mzee Gjert aliipata siku ya harusi yake, na kila bia ya ubatizo na ya msiba ya nyumba ile ilichemka humo. Åsne aliitazama mikono ya Sjur, mikubwa, yenye kutetemeka kidogo kwa kahawa. Akaona tundu. Akaona pia tundu la pili, la kusahihisha la kwanza. Machozi yakamlenga, akainama kwenye gari la mtoto na kurekebisha blanketi lililokuwa limekaa sawa.

Hapo akatokea mchungaji mpya, Eldbjørg, na mkate kwapani. Alikuwa na wiki tatu tu bondeni, ametoka kaskazini ya mbali, ambako bia hununuliwa na watu hawaoni aibu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Brynjulv, akamsogezea kikombe.

Mchungaji akasema amesikia kuna desturi ya majirani kufika bia inapopikwa, naye hataki kukosea. Anatakiwa aje siku gani?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Kwanza kuna saa ya kutia chachu, ambapo mtu lazima apige ukelele, kwa sababu bia iliyotiwa chachu kimyakimya huwa dhaifu. Brynjulv hajakosa ukelele hata mmoja tangu ubarobaro wake. Kisha, baada ya siku mbili, bia inapohamishiwa kwenye mapipa madogo, jirani yeyote huingia bila kualikwa na kupewa bakuli. Hairuhusiwi kusema kama ni nzuri mpaka bakuli la pili. Sjur akakiri kwamba yeye husubiri mpaka la nne, ili asiseme uongo.

— Kwa hiyo kwenye ukelele mtakuwepo, akasema mchungaji.

— Wote.

— Na kwenye kuonja.

— Mchungaji, hilo nalo swali?

— Na kwenye ndoo huwa anakuja nani?

Sjur aliangalia ndani ya kikombe. Oddleiv alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaviacha. Brynjulv King'ora alifungua kinywa na hakikutoka kitu, jambo ambalo mwenye duka, aliyekuwa mlangoni, alikuja kulisimulia mwezi mzima. Oddleiv akainua birika amwongezee mchungaji. Lilikuwa tupu.

— Basi mimi niende, akasema Sjur. Nimeacha kitu jikoni.

Kesho yake asubuhi, saa tatu kasoro robo, Åsne alishuka na gari la mtoto, ndoo nne zikining'inia kwenye mpini wake, tupu, nyepesi kuliko mtoto. Akazipanga juu ya benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila moja aliiandika jina kwa chaki, kwa mwandiko wake wa shule, bila kosa: Sjur, Oddleiv, Brynjulv, na ile ndogo, Mchungaji, kwa kuwa aliuliza vizuri. Chini ya kila jina: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Ukurasa wenye picha ya pampu aliukunja, akautia ndani ya ndoo ya Sjur.

Halafu akashika njia ya nyumbani. Hakuwa amefika kwenye kona aliposikia nyuma yake mpini wa ndoo ukilia. Hakugeuka kutazama kama ni mtu aliyekubali au ni mtu aliyetaka pa kukaa. Vyovyote vile, ndoo ilikuwa mkononi.