Mazoezi ya Likizo

Basi lilikuwa nusu tupu, nikasikia kila neno.

"Mwalimu, Mungu akuzidishie," mama mshonaji alimwambia mwalimu wa bintiye. "Ulipowaambia wafanye mazoezi kila siku likizoni, mwanangu alikuwa akihema kwa kupanda ngazi tu. Sasa simu kaiweka chini, kila asubuhi ananikokota tukakimbie. Hata magoti yangu yameacha kulalamika!"

Mwalimu akajikohoza. "Mama, mimi ni wa hesabu. Nilimaanisha mazoezi ya kitabuni."

Mama akaduwaa, kisha akacheka mpaka machozi. "Basi asante kwa kutofafanua!"

"Na kitabu je?"

"Kitabu hakijaguswa, mwalimu, lakini pumzi ipo!"

Mwalimu akakitazama kitambi chake. "Shusha!"

"Kwako si bado?" kondakta akashangaa.

"Najua. Nafanya mazoezi."